Koko Aliyeingia Jeshini na Miaka Minane

Dosie ya jeshi inasema babu yangu, Koko, alizaliwa mwaka 1954, akaandikishwa kuwa askari mwaka 1962, na mwaka 1963 akapata mtoto wake wa kwanza. Yaani alibeba bunduki akiwa na miaka minane, akawa baba akiwa na tisa. Mtoto huyo wa kwanza ni Tonton, kaka mkubwa wa mama yangu, na yeye ndiye aliyetusomea hesabu hiyo kwa sauti, simu mkononi, kijiti cha meno mdomoni. Alipomaliza alimtazama baba yake kwa heshima ambayo hatukuwahi kuiona usoni mwake.

"Papa," akasema, "kumbe ulikuwa mwanaume mapema hivyo."

Koko hakucheka. Alikuwa amekaa chini ya mti wa safu, hapo kwetu Mangobo, miguu ndani ya beseni la maji moto na chumvi. Alinyoosha mkono apewe simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akauliza swali moja tu: "Na Agosti 64 wameandika nini?"

Tukafikiri ni uzee. Sisi tulikuwa na shida ya mwaka wa kuzaliwa, yeye alikuwa na shida yake.

Mambo haya yote tuliletewa na mfalme wa Wabelgiji. Juni 2022 Mfalme Philippe alikuja Kinshasa, akamvika nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100 aliyefika hadi Burma na Force Publique wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Siku hiyo umeme ulikuwepo, jambo la kushukuru, na lupango mzima ulikuwa mbele ya televisheni. Koko alisimama peke yake, na singlendi yake, akapiga saluti mpaka mfalme alipotoka kwenye picha. Koko mwanamke, bibi yangu, alikuwa akichambua pondu na hakuinua hata kichwa.

"Ya mwenzako tumeiona," akasema. "Na yako iko wapi?"

Hakuwa akisema juu ya nishani. Mwanamke aliyeolewa na askari, akaishi kambi Ketele hapa Kisangani, akaishi Kamina, akapanda na kushuka mto na watoto mgongoni akifuata mshahara unaochelewa, haoni kitu katika kipande cha chuma chenye utepe. Alikuwa anauliza pensheni. Koko aliwekwa pembeni akiwa ajida, akaambiwa aende nyumbani akasubiri, na alikuwa bado anasubiri. Wenzake wengi walikuwa wamekwisha kumaliza kusubiri, wamelala makaburini.

Tonton akajiteua mkubwa wa dosie. Alinunua kabrasha la plastiki lenye zipu, akaanza kutembea nalo kwapani hata akienda kunyoa. Kupitia shemeji aliyeko Kinshasa, anayemjua mtu anayemjua mwenye ufunguo, zikaja picha za kurasa kwa Whatsapp, moja imepinduliwa, nyingine kidole gumba kimeziba pembe. Humo ndimo tulimokuta habari za miaka minane na tisa. Tukakuta pia kwamba Koko ana watoto kumi na mmoja, kwamba jina lake limeandikwa kwa mpangilio ambao hata yeye hakuutambua, na kwamba, kwa herufi za bluu zilizofifia za mashine ya zamani, tarehe 5 Agosti 1964 askari huyu alitoroka jeshi.

Jioni hiyo Tonton alitukana makarani wote wa jeshi tangu enzi ya Leopold wa Pili. Na kweli, makarani wana yao ya kujibu. Jeshi lenyewe lilianza kama Force Publique, Julai 1960 likawa ANC, mwaka 1971 likawa FAZ, Kabila alipoingia 1997 likawa FAC, na sasa ni FARDC. Koko alipitia hata ANC ya pili, ile ya waasi wa RCD walioshika Kisangani, alikokuwa mtunza stoo. Kila jina jipya lilikuja na karani mpya, na kila karani alinakili makosa ya mwenzake kisha akaongeza ya kwake.

Lakini nimekaa na zile picha muda mrefu kuliko wengine nyumbani, na sitaki kuwaonea watu. Ukilifuata kosa moja moja taratibu, linakuleta mpaka mlangoni kwetu.

Mwaka 1954 ni wa Tonton. Umoja wa Ulaya ulileta ujumbe wake wa EUSEC mwaka 2005, kusaidia kuhesabu askari wa kweli na kutenganisha mkono unaoamuru na mkono unaolipa, maana wakubwa walikuwa wanakula mishahara ya askari hewa. Kila askari alitakiwa kujitokeza, kupigwa picha, kutoa alama za vidole na kupewa kadi mpya. Tonton alisikia sokoni kwamba wazee wote watatolewa siku hiyohiyo bila kitu. Basi usiku akampunguzia baba yake miaka kumi na mitatu. Koko akaenda asubuhi amepaka nywele rangi nyeusi ya viatu, akasema alizaliwa 1954, na mzungu mwenye kompyuta akaandika alichoambiwa. Ile hesabu iliyomfanya Tonton amsifu baba yake, mwandishi wake ni Tonton.

Majina ni kazi ya Mobutu. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, Koko akaacha la Kikristo akaweka la babu yake. Miaka ya baadaye ruhusa ikarudi, na jina la ubatizo likarudi nalo, ila likakaa mwisho wa mstari wakati kitabu cha zamani kinaliweka mwanzo. Kwa karani asiyetujua, hao ni watu wawili.

Watoto kumi na mmoja ni wa Koko mwanamke. Sita aliwazaa mwenyewe. Watano waliobaki ni watoto wa ndugu na wajukuu, aliowaandikisha mmoja mmoja kwa ajili ya posho ya watoto, kila askari wa malipo alipobadilishwa na mwingine asiyejua sura zetu. Mimi ni namba kumi. Machoni pa jeshi mimi ni mdogo wake mama yangu mwenyewe, na Tonton ni kaka yangu mkubwa. Tangu siku ile binamu zangu wananiita Tantine, na yule mdogo kuliko wote huniomba pesa ya mkate kwa haki kabisa, kama mtoto kwa shangazi yake.

Kulikuwa na ushahidi wa kupinga haya, ndani ya sanduku la bati. Machi 1997, watu wa Kabila walipokuwa wanakaribia mji, nyumba yenye kitabu cha askari wa Mobutu ilikuwa nyumba ya kulala macho. Koko mwanamke alizungushia sanduku turubai, akalizika nyuma ya choo, akapanda mihogo juu. Mji ukachukuliwa tarehe 15. Sanduku likabaki hapo wakati wa RCD, likabaki hapo Juni 2000, Warwanda na Waganda walipopigana siku sita ndani ya mji wetu, mabomu zaidi ya 6,000 yakianguka juu ya watu wasiohusika. Moja liliondoa paa la jiko letu na kutoboa ukuta wa chumba ambamo sanduku lilikuwa likikaa zamani. Kwa hiyo mama wa watu aliokoa karatasi zile kwa kuzizika. Na kwa kuzizika akawapa mchwa. Waliingia kupitia tundu la kufuli, wakaanza kula kutoka upande wa kulia. Kitabu cha askari kilipofunguliwa kilikuwa kimebaki na picha nzuri ya kijana mwenye shingo ndefu, namba yake ya matrikili, na mstari unaosema kwa Kifaransa kwamba alizaliwa mnamo 19. Baada ya hapo ni tundu.

Mtu wa biro aliyeangalia dosie yetu, na kunywa chai yetu, alitueleza kwa upole. Utumishi wa kabla ya miaka 18 hauhesabiwi. Kwa mwaka 1954, Koko ameanza kazi 1972, na miaka kumi imeliwa. Kisha utoro unafuta hata kile cha kabla yake. Tukarekebishe kwanza mwaka, tukishapata hukumu ya tribunali inayoziba pengo la cheti cha kuzaliwa, ile ambayo hapa kila mtu anaiita supletifu, ndipo tuje tuongee juu ya utoro. Alipoondoka alipewa jogoo kwa ajili ya motivasyo. Tantine wa kweli, ambaye ndiye mwenye kuku, alihesabu waliobaki na kusema pensheni hii itatumalizia banda kabla haijafika.

Tribunali ya amani ilitaka utambulisho. Kadi ya Koko ya mpiga kura, ya mwaka 2023, ilikuwa na jina sahihi na mwaka sahihi siku alipopewa, lakini ilikuwa ya kundi lile ambalo wino wake ulihama. Mbele ya hakimu alitoa kadi nyeupe yenye kivuli cha sikio. Hakimu aliigeuza, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akairudisha bila neno. Nafikiri na yake ilikuwa hivyohivyo.

Ikabidi shahidi, na shahidi wa kuzaliwa kwa mtu ni lazima awe amemtangulia duniani. Katika Mangobo nzima hapakuwa na mzee wa kumtangulia Koko aliyekuwa bado na akili zake. Akapatikana ng'ambo, Lubunga, mwenzake wa kijiji na wa jeshi, mzee mwembamba ambaye masikio yake yamekufa lakini kumbukumbu iko hai. Alivuka mto kwa mtumbwi, akabebwa kwa baiskeli ya toleka, maana pikipiki anaziogopa, akashuka pale kwetu amenyoosha mgongo. "Ajida," akamwambia Koko. "Mkubwa wangu," Koko akamjibu, kwa sababu huyu ndiye aliyemzidi miaka. Walikula lituma na samaki bila kusema, kisha tukaenda.

Hakimu alimuuliza alizaliwa lini ndugu huyu. Mzee akasema, mwaka ule askari walipopanda kwenda kupiga Wataliani.

"Mwezi gani?"

"Mvua ilikuwa nyingi."

"Mzee, hapa Kisangani mvua ni nyingi kila mwezi."

Basi akaeleza, na chumba kikanyamaza, hata karani akaacha simu. Yeye alikuwa mtoto wa kuchunga wadogo. Askari walipita Stanleyville, ndiyo Kisangani hii, wakielekea juu, Faradje, Aba, mpaka Juba kwa Waingereza, na kaka yake alichukuliwa kubeba mizigo. Baadaye ikaja habari kwamba watu wetu wamechukua Asosa, halafu Gambela, halafu kwamba huko Saïo jenerali mzima wa Kitaliani ameshusha mikono mbele yao. Siku habari ya Saïo ilipofika kijijini na ngoma zikapigwa, mama yake Koko alikuwa na kichanga kifuani ambacho hakijaota jino. Hakimu alikuwa mtu wa kusoma. Alijua kwamba jenerali huyo, Gazzera, alisalimu amri kwa Gilliaert wa Force Publique tarehe 3 Julai 1941. Akaandika: 1941.

Tulitoka kifua mbele. Ila mashine ya kutolea karatasi ya pale haikuwa na wino, na hukumu ikapelekwa ipigwe kwenye kibanda cha sekretaria barabarani, kwa kijana aliyekuwa anapiga na mialiko ya harusi kwa wakati huohuo. Ilirudi na kashe zote na sahihi zote, karatasi nzuri kuliko zote za nyumba yetu, na ndani yake Koko alikuwa amezaliwa 1914.

Mkubwa wa dosie aliisoma mara mbili, akafunga zipu ya kabrasha taratibu, akatuita ndani na kufunga mlango.

"Msiseme kitu," akasema. "Hebu fikirini. 1914. Mwaka 41 Papa ana miaka 27. Anaweza kuwa alikuwa Saïo."

"Sikuwa Saïo," Koko akasema. "Nilikuwa nanyonya."

"Karatasi inasema ulikuwa mtu mzima. Kashe ya serikali. Yule Koplo Kunyuku angekuwa mdogo wako, Papa. Mfalme atarudi."

Kwa siku kadhaa nyumba iligawanyika. Tonton alianza kumfundisha baba yake jina la Gilliaert, na Koko, ambaye maishani hajapata kukataa kujifunza kitu cha jeshi, alikuwa anarudia akiwa anaoga: Asosa, Gambela, Saïo. Binamu zangu wawili walikuwa upande wa 1914. Mama yangu alikuwa upande wa kutofungwa jela. Tantine alitaka tu kujua ni kuku wangapi. Aliyemaliza ubishi ni Koko mwanamke, na hoja yake haikuwa ya sheria wala ya dini.

"Mimi nilizaliwa 46," akasema. "Mkisema huyu ni wa 14, basi niliolewa na mzee wa karibu miaka hamsini. Watu watasema baba yangu aliniuza. Baba yangu hakuniuza. Niliolewa na kijana mzuri, shingo ndefu, picha iko pale. Rudisheni hiyo karatasi."

Ikarudishwa. Kurekebisha kosa la kalamu katika hukumu kuna ombi lake, ada yake, tarehe yake, na kuku wake. Siyasimulii. Mwishowe 1941 ikakaa panapostahili, na hata majina yalipangwa, na mimi nikashushwa cheo, nikarudi kuwa mjukuu.

Nikadhani tumemaliza. Tonton naye alikwisha kuagiza nguzo za nyumba ya pensheni. Lakini Koko hakuonyesha furaha yoyote. Alisubiri kelele zipungue, kisha akauliza tena: "Na Agosti 64?"

Ndipo nilipoelewa kwamba mzee huyu hajawahi kufuata pesa katika safari hii yote. Miaka sitini jeshi lilikuwa limemuita mtoro, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye na karatasi. Mwaka 1967 alikwenda kupigana na mamluki wa Schramme huko Bukavu, ana kovu la bega la kuonyesha. Mwaka 1977 alikuwa vitani Shaba. Hayo yote hayakufuta mstari ule wa bluu.

Mzee wa Lubunga akaitwa tena, safari hii kutoa maelezo ya tukio, yaandikwe, yatiwe dole, yatumwe Kinshasa nakala tatu. Kosa la Tonton lilikuwa kuyaandikia nje, kwenye kivuli, wajukuu wote wapo, na majirani wakisikiliza kupitia ukuta wa matete. Mzee huyo, kwa kuwa hasikii, huongea kwa sauti ya gwaride.

"Wasimba waliingia," akaanza. Na hapo sauti yake ilibadilika. Vijana wa sasa wanaimba juu ya waasi hao, Wasimba, bila kujua. Walikuja wamepakwa dawa, wakiamini risasi zitageuka maji, na kibaya zaidi askari wetu nao waliamini hivyohivyo. Jeshi lenye silaha liliuacha mji. Wakubwa walipanda kilichokuwepo wakaondoka, hakuna aliyetoa amri kwa wa chini. Waliobaki walisakwa nyumba kwa nyumba, askari, makarani, mtu yeyote aliyevaa miwani. Wengine waliuawa mbele ya mnara wa Lumumba, hadharani, watu wakiitwa kutazama. Ukikutwa na viatu vya jeshi, au na alama ya viatu hivyo kwenye kifundo cha mguu, umekwisha. "Sasa mtu anatoroka nini," akauliza, "wakati jeshi lenyewe limekwisha kumtoroka?"

Tonton aliandika sentensi hiyo na kuipigia mstari. Ilikuwa nzuri, na mzee angeishia hapo tungekuwa na dosie safi. Lakini yeye alikuwa ameapa kusema ukweli wote.

"Tulitoka mjini watatu. Mimi nilijifanya mvuvi. Wa pili alijifanya kichaa. Na huyu Ajida," akanyoosha fimbo, "huyu tulimvika kikwembe, na kitambaa kichwani, na chungu, na mtoto mgongoni. Alitembea vizuri! Msimba mmoja kwenye kizuizi alimwambia, Mama, pita."

Mtoto huyo wa mgongoni alikuwa Tonton. Kalamu ilisimama.

Kilichofuata sikiwezi. Majirani walicheka kupitia matete. Binamu zangu walianguka chini. Koko alitazama mbele, ajida kamili, uso umefungwa. Na kutoka jikoni ikatoka sauti ya Koko mwanamke, kavu: "Kikwembe changu. Waksi ya Uholanzi. Cha kwanza nilichonunua kwa pesa yangu ya samaki, na hakikurudi."

Alikuwa na miaka kumi na minane. Yeye ndiye aliyemfunga kikwembe, akamwonyesha namna ya kupunguza hatua na kutotazama watu machoni, akampa chungu akishike kwa mkono mmoja. Mwenyewe alipita kizuizi saa moja baadaye na kapu la samaki. Walikutana kijijini, upande wa Yangambi, wakakaa huko mpaka Wabelgiji waliposhushwa kwa miavuli kutoka ndege za Kimarekani, tarehe 24 Novemba. Mapema 1965 Koko alijipeleka mwenyewe kambini, akaandikishwa upya, na karani akagonga neno moja kuelezea miezi ile.

Hapo ndipo tulipokwama, na hatukukwamishwa na Kinshasa. Bila kikwembe maelezo hayasimami, kwa sababu swali la kwanza la mtu wa biro litakuwa: wenzake waliuawa, yeye alipitaje kizuizi? Na Koko akasema wazi kwamba yuko tayari kufa akiwa mtoro kuliko kusomwa Kinshasa, mbele ya makanali, kwamba ajida wa jeshi la Kongo aliitwa Mama. Tonton akapendekeza "nguo za kiraia". Koko akakubali haraka sana. Tukampigia magoti kila mtu, na karatasi ikapigwa: askari huyo, baada ya kuachwa na wakubwa wake, aliondoka mjini akiwa amevaa nguo za kiraia.

Ikabaki dole la Koko mwanamke, shahidi wa pili. Akaomba asomewe. Nikamsomea mimi.

"Za kiraia za nani?" akauliza.

"Haikuandikwa, Koko."

"Basi andikeni. Raia aliyetoa ana jina."

Walizungumza usiku ule wawili tu, nasi tukasikiliza kama kawaida ya nyumba za ukuta wa matete. Koko mwanamke hakuwa na aibu na hadithi ile. Kwake ilikuwa kazi bora aliyowahi kufanya, amepitisha mume na mtoto mbele ya visu, na miaka sitini mume amekuwa akiwaambia watu kwamba aliogelea. Koko alisema kuogelea ni kwa ajili ya vijana wasikose adabu. Wakanyamaza. Kisha tukamsikia Koko akiuliza kikwembe kile kilikuwa rangi gani, na mkewe akamjibu bila kufikiri: buluu, na ndege wa njano.

Asubuhi karatasi ilibadilishwa: nguo za kiraia alizopewa na mke wake. Na kama fidia, kikwembe kipya kinunuliwe kabla ya dole. Tonton, aliyelipia ada zote hizi na kuona mwisho uko karibu, alikimbia soko kuu akarudi na kitu cha buluu chenye ndege wa njano, kimekunjwa kwenye nailoni inayong'aa.

Koko mwanamke alikifungua juu ya meza, pembeni ya nakala tatu na kidau cha wino. Hakutazama ndege. Alikigeuza nyuma, akakilinganisha na mbele: mbele ilikuwa inawaka, nyuma ilikuwa imefifia. Alilowesha kidole mate, akasugua pindo, akanusa. Kisha akachovya gumba, akalibandika kwenye nakala ya kwanza, akajifuta.

"Hii ni ya Wachina," akasema. "Inatosha nakala moja. Mbili zilizobaki zinangoja waksi yenyewe."

Tonton amekwisha kuuliza bei ya hiyo yenyewe, na kila duka alilouliza ametoka ameshika kichwa. Koko anataka kujua kama Kinshasa hawawezi kupokea nakala moja.